Maji ya Kizingitini

Kwetu Pernik, mji wa wachimba makaa huko Bulgaria, mtu haanzi kazi mpya bila maji ya kizingitini. Mama, au bibi kama yupo, huchukua bilauri ya maji, huyamwaga mlangoni, na yule anayetoka huyavuka huku akiambiwa, "Ikuendee kama maji." Basi, ndiyo baraka yenyewe, haina padri wala sadaka. Mdogo wangu Stoyna alimmwagia mwanawe Yavor siku ya kwanza ya shule, akammwagia siku ya mtihani wa chuo kikuu, na siku alipoanza kazi katika ile kampuni kubwa ya Wamarekani kule Sofia alimwaga jagi zima, mpaka jirani wa chini akapanda na taulo begani kuuliza ni bomba lipi limepasuka.

Mimi ni Tinka, dada mkubwa wa Stoyna. Tunakaa ghorofa ya nne, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka kwake nisikijue, na msiniite mmbeya, kuta zetu ni nyembamba. Niliwakatia watu tiketi stesheni ya treni hadi nikastaafu. Nimeona watu wengi wakiondoka kufuata mshahara, wa Sofia, wa Ujerumani, wa Uhispania, na sikuwahi kumlaumu mtu, maana mkono mtupu haulambwi. Lakini la Yavor bado limenikaa kooni.

Lilianza Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mezani kwa Stoyna. Yavor alikuwa amekuja na mkewe Bilyana, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika mahali pa kumzuia kusogea mezani. Tulikuwa tunakula pilipili hoho zilizojazwa wali na nyama. Yavor akaweka uma chini.

"Naacha kazi," akasema.

"Wamekufukuza!" Stoyna akashika kifua.

"Hawajanifukuza, mama. Naacha mwenyewe. Nimepata pengine, mshahara karibu mara mbili."

"Uache jengo lile la vioo? Chakula cha bure? Kiti kile cha kukukanda mgongo?"

"Mgongo ninaumwa kwa sababu ya kazi yao, mama. Miaka saba niko pale. Nimeomba nyongeza, wakaniita mbele ya watu, wakapiga makofi, wakanipa fulana. Tena ndogo, hainiingii."

"Itunze," nikamwambia, "mtoto ataivaa."

Bilyana akacheka, kisha akasema polepole kwamba mwenye nyumba wao kapandisha kodi tena, na kile chumba kimoja na jiko hakitawatosha watatu. Hapo hata Stoyna aliitikia kwa kichwa. Nyumba ni nyumba.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Metodi, baba yake Yavor. Metodi alikuwa mchimba makaa ya mawe, mtu mpole mwenye mikono mipana, na kwa mwanawe alikuwa na kiu moja ambayo haikuwahi kukatwa. "Sasa huko unakokwenda utatengeneza nini?" akauliza. "Maana miaka saba nakuuliza unatengeneza nini, unaniambia sehemu ya mfumo. Mfumo gani, sijui. Sehemu gani, hata wewe hujui. Mimi ukiniuliza nachimba nini, nilikuonyesha makaa."

Yavor alitazama sahani yake. "Michezo," akasema.

"Ya watoto?"

"Ya watu wazima, baba. Ya kwenye simu."

Kisha Stoyna akalitaja neno ambalo lilikuwa halitajwi katika nyumba ile. "Kamari."

Hapa lazima niwaambie. Mgodi ulipofungwa, Metodi alipewa kiinua mgongo, akawa hana pa kwenda asubuhi. Karibu na soko palifunguliwa ukumbi wa mashine za kamari, wenye joto, taa na kahawa ya bure. Akaanza kwenda kwa ajili ya kahawa. Lilikwenda gari, likaenda shamba la marehemu baba yake, na mwisho ikaenda cherehani ya Stoyna, ambayo ndiyo ilikuwa ikiwalisha. Siku alipokuta meza ya cherehani tupu, Stoyna hakupiga kelele. Alimwambia, "Hii nakusamehe kwa ajili ya mtoto. Ukirudia, mlango ule pale." Na Metodi akaacha. Aliacha kweli. Kadi ya benki akampa mkewe, akabaki na simu ya vitufe ya kupigia tu, na kwenda sokoni alizunguka nyuma ya kanisa ili asiipite barabara ile. Zaidi ya miaka kumi alizunguka hivyo, mvua na theluji. Nimeona wanaume wengi wakiapa, ila huyu peke yake ndiye niliyemwona akitimiza.

"Kijana ana mtoto njiani," Metodi akasema pale mezani, mbele ya uso wa mkewe uliokwisha kubadilika. "Yeye atakuwa anaandika tu kwenye kompyuta. Aliyetengeneza panga siye anayeua."

"Maji yangu simwagi kwa kazi hiyo," Stoyna akasema, akanyanyuka kutoa vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavilia.

Na hakumwaga. Yavor alikuja kulala kwao usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi, mtu mzima na ndevu zake, ili avuke maji ya mama yake kabla ya kupanda treni ya Sofia. Asubuhi nilifungua mlango wangu nikamkuta amesimama kizingitini, koti mwilini, begi begani, akisubiri. Jikoni Stoyna alikuwa anakaanga kitu, na alikuwa anakaanga kwa kelele. Nikataka niende nikachukue bilauri yangu, lakini hiyo si kazi ya mama mkubwa wakati mama yupo. Ningemtia aibu mara mbili.

Ndipo Metodi akatokea na ndala zake na bilauri iliyojaa hadi juu. Mwanamume hamwagi maji kwetu, lakini yeye alimwaga, na kwa kuwa hakujua kumwaga, nusu ilimwangukia Yavor kwenye viatu.

"Ikuendee kama maji, mwanangu."

Yavor akamkumbatia baba yake, akashuka ngazi na viatu vyake vinalia. Kikaango kule jikoni kilinyamaza mara moja.

Pesa zilikuja, siwezi kusema uongo. Wakakopa benki, wakapata nyumba ya vyumba viwili na roshani. Stoyna akanunuliwa mashine ya kufulia, akaikubali, akisema mashine haina makosa. Mwezi wa sita akazaliwa Kalina, kichwa kama baba yake, sauti kama mimi. Na kwa kuwa kazi mpya ilimpa Yavor simu mpya, ile yake ya zamani akamletea baba yake ili awe anatumiwa picha za mjukuu. Stoyna aliitazama simu ile ikiwa juu ya meza kwa muda mrefu, akaiacha bila kuigusa. Kisha ikalia, na ikatoka picha ya Kalina anapiga miayo ndani ya beseni. Stoyna akaichukua, akaibusu.

"Picha tu," akamwambia mumewe.

"Picha tu," Metodi akaitikia.

Mwezi wa tisa tulikaa roshanini kwa Stoyna tukimenya pilipili za kuchoma, za kusindika kwa ajili ya baridi, kama kila mtu hapa afanyavyo. Yavor alikuwa amekuja kusaidia. Vidole vyetu vyote vilikuwa vyekundu hadi kwenye kiganja. Alikuwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona wakati wa wale Wamarekani.

"Na hasa unafanya nini huko?" nikamwuliza. "Sema Kibulgaria, usiniambie mifumo."

"Michezo yenyewe siigusi, Mama mkubwa. Mimi nashughulika na wale walioacha. Mtu akicheza, akaondoka, sisi tunamwandikia vizuri arudi."

"Kama kumwita mbwa aliyepotea."

"Mama mkubwa nawe! Ni kama mwenye duka kumsalimu mteja. Zamani walikuwa wanawatumia watu matangazo marefu, hakuna aliyeyasoma. Mimi nimebuni ufupi. Jina la mtu, halafu neno moja. Metodi, tumekukumbuka. Basi. Na nimeifundisha kompyuta ijue kila mtu huwa mpweke saa ngapi, imwandikie saa hiyohiyo. Bosi alinipa mkono mbele ya wote."

Alitaja Metodi kwa kuwa baba yake alikuwa ameketi pale, kwa mfano tu. Nilimwona shemeji yangu akiinua uso kutoka kwenye beseni la pilipili.

"Maneno hayo umeyaandika wewe?" akauliza. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Na mtu akiifungua simu anayaona? Kama yalivyo?"

"Kama yalivyo."

Metodi alitikisa kichwa kwa furaha, akaendelea kumenya, akitabasamu peke yake. Stoyna alikuwa ndani na mitungi yake, hakusikia.

Vuli ilipoingia tuliweka kabichi kwenye mapipa, chini kabisa ya jengo, ambako kila nyumba ina chumba chake kidogo cha akiba. Wiki za mwanzo lazima mtu ateremke kila siku, ayatoe maji ya chumvi chini ya pipa na kuyarudisha juu, la sivyo kabichi huoza. Mwaka huo Metodi aliomba kazi hiyo iwe yake. Stoyna alifurahi, magoti yake si mazuri. Ila kabichi ilichacha, ikaiva, tukaanza kuila, na Metodi bado anateremka. Anateremka saa kumi, anapanda jioni uso umemshuka. Nami si mtoto. Alasiri moja nikashuka na bakuli mkononi kana kwamba nataka kabichi.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia la viazi, simu imemulika uso wake. Hakuificha. Nadhani alikuwa amechoka kuificha.

"Shemeji," nikamwambia, "niambie hizo ni picha za Kalina."

"Nilitaka kuona alichotengeneza mtoto," akasema. "Basi tu. Miaka yote hii sijawahi kuona kitu kimoja. Nikafungua, nikaandika jina langu, nikacheza kidogo ili niwe kama mtu aliyeacha. Kisha nikafunga, nikasubiri. Na kweli, Tinka, siku ya tatu ikaniandikia. Metodi, tumekukumbuka. Kama alivyosema. Nikalia, haki ya Mungu nililia."

"Ni kompyuta, Metodi. Inawaandikia watu elfu."

"Najua ni kompyuta. Lakini maneno ni yake." Akafuta kioo cha simu kwa mkono wa sweta. "Yeye mwenyewe ana kazi, ana mtoto, anapiga Jumapili kama akipata nafasi. Hii inaniita kila siku saa kumi. Niache kuiitikia?"

Niliweka bakuli chini. Nikamwambia amwambie mkewe mwenyewe kabla hajajua kwa njia nyingine, na anipe simu ile. Simu hakunipa. Kuhusu Stoyna aliniahidi atasema baada ya ubatizo wa Kalina, ili asiwaharibie sherehe. Nikamkubalia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nilikuwa namwonea huruma, na huruma nayo ina upofu wake.

Sasa, kuna sarafu za dhahabu za marehemu mama yetu, zimetungwa kwenye uzi mwekundu, alizivaa shingoni siku ya harusi yake. Balaa la kwanza lilipoingia, nilizificha kwangu ndani ya kopo la unga. Zilikaa humo mpaka Metodi alipotimiza miaka kumi bila kucheza. Mwaka huo Stoyna alikuja, akazichukua, akaenda kuziweka kwenye kabati lake mbele ya macho ya mumewe, bila kufunga ufunguo. Metodi siku ile alitembea kama mtu aliyerudishiwa jina lake. Na sarafu hizo zilikuwa za Kalina, za kuvalishwa siku ya ubatizo.

Asubuhi ya ubatizo, Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Stoyna alikwenda kabatini, sisi wote tukiwa tumeshavaa. Nilimwona akipapasa chini ya mashuka. Akapapasa tena. Akasimama kidogo amenipa mgongo. Kisha akafunga kabati, akavaa koti, akasema tutachelewa.

Kanisani alisimama wima. Alimpokea mjukuu amefungwa taulo, akamwimbia. Mezani aliwagawia wageni nyama na mkate, akajibu mizaha yao. Metodi hakula kitu. Wageni walipoondoka, akabaki Yavor na Bilyana na mtoto amelala, Stoyna akaingia chumbani akatoka na sanduku. Lilikuwa limeshafungwa. Sijui alilifunga saa ngapi.

"Kwa watu sitakwenda kujieleza, na kwako sitapiga kelele," akamwambia mumewe. "Nilikwambia mlango uko wapi."

"Mama, kuna nini?" Yavor akauliza.

"Sarafu za mama hazipo, iulize simu uliyomletea."

Metodi mwenyewe ndiye aliyeitoa mfukoni na kumpa mwanawe. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Yavor aliitazama, na wakati ameishika ikalia mkononi mwake. Nilimwona akisoma. Ni maneno mawili tu, lakini alisoma kwa muda mrefu.

"Hii ni yangu," akasema. Akarudia tena, kama anamwambia mtu mwingine. "Hii ni yangu. Baba, kwa nini hukuniambia? Ningelifuta jina lako kwa dakika moja. Dakika moja, baba!"

"Ningekuambiaje? Wale wenzako wangejua baba yako ni mmoja wa hao mnaowaita warudi. Bosi alikupa mkono mbele ya watu."

Yavor akakaa chini kwenye kiti cha kuvulia viatu pale mlangoni, akajishika kichwa. Bilyana alikuwa analia bila sauti, mtoto begani. "Kesho naacha kazi," Yavor akasema. "Narudi kule kwa zamani. Narudi hata kwa nusu mshahara, na fulana yao nitaivaa."

"Na benki utailipa kwa fulana?" Stoyna akamjibu. "Walishamweka mwingine kwenye kiti chako, usijidanganye. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu nenda kazini, ulishe mwanao." Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Nilimpenda mdogo wangu saa ile na nilimchukia. Nikagonga, nikamwambia, "Stoyna, ni mzee, kuna theluji, kijijini kwao nyumba ya marehemu mama yake haina hata dirisha, limezibwa kwa nailoni." Hakufungua. Akasema kutoka ndani, "Dada, niliapa mara moja tu maishani. Nikikivunja kiapo hicho, atakufa mikononi mwangu." Naye pia alikuwa na haki yake, ndilo linaloniumiza.

Metodi alivaa koti. Alimbusu Kalina kwenye kisigino kilichotokeza nje ya blanketi. Akachukua sanduku akatoka, nami nikatoka nyuma yake, nikasimama mlangoni kwangu kwa sababu sikujua pengine pa kusimama.

Alikuwa ameshashuka ngazi mbili tatu pale Yavor alipotoka mbio. Alikuwa na bilauri ya maji, imejaa, yanamwagikia vidoleni. Akasimama kizingitini, akainamisha bilauri.

"Usimwage, mwanangu," Metodi akasema. "Mimi siendi kuanza kitu."

"Baba, nakuomba."

"Lete ninywe. Tangu asubuhi sijanywa kitu."

Yavor alishuka akampa. Metodi aliweka sanduku chini, akashika bilauri kwa mikono yote miwili, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho. Akamrudishia mwanawe bilauri, akamshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni. Kisha akachukua sanduku lake, akashuka. Nyuma ya ukuta nilimsikia Stoyna akilia. Yavor alibaki amesimama na bilauri tupu mkononi, na ngazi zote zilikuwa kavu mpaka chini.